Wachoraji na Wachongaji wa Nchi Yetu na Mitindo Yao

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya wachoraji wa nchi yetu. Nimekubali kwa furaha, lakini yanipasa kwanza nikiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu somo hili lilitokana na kosa hilo.

1. Picha ya kalenda

Muhula uliopita, siku chache kabla ya Siku ya Wazazi, chama chetu cha sanaa kilipewa kazi ya kupamba ukuta wa bwalo. Kila mmoja wetu alipewa bamba moja la hadibodi. Mimi nilichora mlima Kilimanjaro wenye theluji, mbele yake twiga wawili, na kando yao jua kubwa jekundu likizama. Wenzangu walinisifu sana. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliniomba nimchoree nyingine kama hiyo apeleke nyumbani kwao. Nami, nisifiche, nilivimba kichwa.

Siku yenyewe ilipofika baba hakuweza kuja, akaja babu. Babu ni seremala hapa hapa Tabora. Tangu ujana wake ametengeneza milango, vitanda na makabati ya mninga. Alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, mlima huu uliuona lini?"

"Sijauona, Babu. Sijafika Moshi."

"Na wanyama hawa?"

"Nao sijawaona. Wamo katika kalenda ya duka moja mjini."

"Ahaa," akasema. "Basi hii ni picha ya kalenda."

Hakucheka wala hakunikaripia. Alikwenda akaushika mlango wa bwalo, akazitazama bawaba zake, akaanza kuzungumza na mzazi mwingine habari za mchwa. Lakini neno lake lilinichoma. Jioni ile nilimweleza mwalimu wetu wa sanaa yaliyotokea. Mwalimu aliniambia nisikae kujihurumia, bali nikasome. Akanipa maswali manne, akaniagiza nichague wachoraji na wachongaji wa nchi yangu, nimwulize kila mmoja maswali hayo kwa njia ya vitabu na picha, kisha nirudi kwake na majibu.

Maswali yenyewe ni haya. Kwanza, kazi hii imetengenezwa kwa vitu gani? Pili, aliyeitengeneza alijifunza wapi, na kwa nani? Tatu, ilitengenezwa kwa ajili ya mahali gani au mnunuzi gani? Nne, yale yaliyomo ndani yake ameyatoa wapi?

Mtu akiyajibu hayo manne ataelewa kwa nini wachoraji wa nchi moja, na wa wakati mmoja, hawafanani hata kidogo. Asipoyajibu atasema tu, "Picha nzuri," au, "Picha mbaya," na huko si kusoma picha.

2. Mlango wa Kwihara

Mwalimu alitaka tuanze na kitu kilicho karibu. Basi Jumamosi moja sisi wanachama tulikwenda kwa miguu mpaka Kwihara, kilometa chache kutoka mjini. Wengi wenu mmefika huko. Ndipo lilipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi, baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka 1871. Tembe hilo limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Mambo hayo tumeyasoma katika Historia, na kwa hiyo mwalimu alitukataza kuuliza habari za Livingstone. Alitusimamisha mbele ya mlango, akasema, "Ulizeni mlango."

Ni mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Tukaanza kuuliza. Umetengenezwa kwa nini? Kwa mbao ngumu na patasi. Ufundi wake ulitoka wapi? Katika karakana za Unguja na miji mingine ya pwani, ambako mtoto alifundishwa na baba au na fundi mkuu. Milango kama hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mfanyabiashara mwenye mali, ili mgeni aujue utajiri wake kabla hajapiga hodi. Na mapambo yake? Milango ya namna hii aghalabu huchongwa mnyororo, samaki, mtende na yungiyungi. Mingine hupigiliwa njumu za shaba kwa desturi ya Wahindi. Hayo ni mambo ya bahari, ya Uarabuni na ya India, na kutoka hapa Unyanyembe mpaka baharini ni mwendo wa miezi kwa mtu aendaye kwa miguu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mapambo nayo husafiri. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilikuwa na urefu wa kilometa 1,200 hivi, na Tabora ilikuwa kituo kikubwa katikati. Kuja bara zilipita nguo, shanga, bunduki na baruti. Kwenda pwani zilipita pembe za ndovu, na pia watu waliofungwa shingoni wakapelekwa kuuzwa. Hatuwezi kuutazama mnyororo uliochongwa juu ya mlango wa tajiri wa biashara ile tukasahau minyororo ile mingine.

Lakini msidhani kwamba bara hapakuwa na mafundi mpaka milango ya pwani ilipofika. Katika makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kimo kiti cha kitemi cha Wanyamwezi kilichochongwa katika karne ya 19, chenye egemeo refu lililotiwa umbo la mtu. Nimeiona picha yake. Hakuna yungiyungi wala mnyororo. Ni kazi nzito, ya maumbo machache, iliyofanywa kwa ajili ya mtemi kuketi mbele ya watu wake. Basi katika nchi moja na karne moja palikuwa na mitindo miwili iliyotofautiana kabisa, kwa sababu majibu ya maswali manne yalikuwa mbalimbali. Tukisha kuelewa hilo kwa mlango na kiti, twaweza sasa kuwaendea wachoraji wa siku za karibu.

3. Wawili wa Kilimanjaro: Ntiro na Njau

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, Kilimanjaro. Alisoma sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, kwa Bibi Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji hapo katika miaka ya 1930. Bibi huyo hakupenda wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Alitaka wachore mambo na hadithi za kwao. Baadaye Ntiro alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, akarudi kufundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 aliteuliwa kuwa Balozi wetu wa kwanza huko London. Alifariki mwaka 1993.

Mtu angedhani kwamba msomi wa London na balozi angechora majumba na watu wakuu. Wapi! Ntiro alichora vijiji vya nyumbani: watu wakilima pamoja, wakivuna, wakijenga, wakisafisha mfereji, katikati ya migomba na vilima vya kijani. Watu wake ni wadogo, na nyuso zao hazikutiwa alama nyingi. Hakutaka tumtambue fulani bin fulani, alitaka tuione kazi yao ya pamoja. Mojawapo ya picha zake, ya mwaka 1956, yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Picha hiyo imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Watu wa New York hawaijui pombe ya ndizi, lakini hawakukosa kumwelewa mtu aliyechora anachokijua.

Wa pili ni Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, Kilimanjaro hiyo hiyo, naye akasoma Makerere hiyo hiyo. Mtu angetazamia wafanane. Lakini kazi yake inayojulikana zaidi haimo ndani ya fremu. Ni picha tano kubwa alizochora ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya, zikakamilika mwaka 1959. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mahali penyewe palidai kazi ya namna nyingine: watu wakubwa, huzuni kubwa, ukuta mzima. Njau alichora maisha ya Yesu tangu kuzaliwa mpaka msalabani, akayaweka katika nchi ya Wakikuyu, penye vilima vyao na nyumba zao. Waumini waliingia kanisani wakajiona ukutani.

Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa huko Nairobi, nyumba ya maonyesho ya sanaa ya Waafrika wenyewe. Njau alisisitiza sana neno moja, kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Niliposoma hayo niliwakumbuka twiga wangu wawili, nikafunga kitabu kwa muda.

4. Fundi wa rangi ya baiskeli: Tingatinga

Sasa tuwaache wasomi wa Makerere. Siku hizi neno "tingatinga" likitajwa wengi wetu hufikiri mashine ya kulimia barabara au aina ya picha, wakasahau kwamba lilikuwa jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini. Hakusoma shule yoyote ya sanaa. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam, akawa mtumishi katika nyumba ya Wazungu na kufanya vibarua mbalimbali. Kiasi cha mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora.

Alichora juu ya nini? Juu ya vipande vya hadibodi, vingi vyao vya mraba, kiasi cha sentimita 60 kila upande. Kwa rangi gani? Kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile wanayopakia baiskeli, kwa sababu ilipatikana dukani na bei yake si kubwa. Kwa nani? Kwa wageni waliokwenda kununua vitu Morogoro Stores, huko Oysterbay. Hapo chini ya mti picha zake zilitundikwa zikauzwa.

Tazameni jinsi majibu hayo yalivyouzaa mtindo. Rangi ile ni nzito. Haitaki kuyeyushwa polepole kama rangi za maji, ila hupenda kukaa moja kando ya nyingine. Kwa hiyo mnyama au ndege mmoja mkubwa husimama katikati, nyuma yake rangi moja au mbili tupu, na mwili wake hujazwa madoa na mistari. Bamba ni dogo na laweza kuingia katika sanduku la msafiri. Mtu aliyedhani kwamba Tingatinga alichora hivyo kwa kutojua zaidi amekosea. Alikijua sana kitu alichokuwa nacho mkononi.

Alichora kwa miaka kama minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi usiku, baada ya gari alimokuwamo kudhaniwa kuwa la wahalifu, akafa. Alikuwa na wanafunzi wachache, wengine wao ndugu zake, kama Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na Adeusi Mandu. Hao waliendelea kwa mtindo wake na kuwafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Wamefundishana hivi: mwanafunzi huketi karibu na mwalimu, hujaza rangi za nyuma, kisha hutia madoa, kisha huiga mnyama mzima, mpaka siku moja achore wake.

Hapa, wasomaji, nilipata taabu. Njau asema kuiga humlaza Mungu. Wanafunzi wa Tingatinga waliiga, na kwa kuiga kwao kazi ya marehemu haikufa. Nani ana haki? Nitalirudia jambo hili mbele kidogo.

5. Mpingo na mashetani: Wamakonde na Lilanga

Kutoka kusini vilevile walikuja Wamakonde, wachongaji mashuhuri wa mpingo. Mpingo ni mti mgumu na mweusi kwa ndani, na huhitaji tezo kali, patasi, msasa na subira. Katika miaka ya 1950 na baada yake Wamakonde wengi waliohamia Dar es Salaam waliuza kazi zao kwa wafanyabiashara, kama Mohamed Peera, aliyewatia moyo wajaribu maumbo mapya. Ndipo ikazuka mitindo miwili. Mmoja ni wa "shetani", unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa: viumbe vyenye viungo vilivyopindika, jicho mahali pasipo pake, mguu mmoja au kinywa kikubwa. Wa pili ni wa "ujamaa", unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani: nguzo ya watu wengi waliopandana, huyu juu ya bega la yule, wote kutoka katika gogo moja. Kabila moja, mti mmoja, mji mmoja, na bado mitindo miwili!

Akatokea tena George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi. Mwanzoni alikuwa mlinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, mahali palipoanzishwa mwaka 1972 pamoja na Sista Jean Pruitt, mtawa Mmarekani, ili vijana wapate kazi kwa sanaa. Siku moja walimwona kuwa yeye mwenyewe ni fundi, akatoka langoni akaingia ndani. Lilanga aliwachukua mashetani wa mpingo akawahamishia kwenye karatasi, kitambaa na ubao, akawapaka rangi kali. Mashetani wake wana masikio makubwa, midomo minene, matumbo yaliyotokeza na vidole vichache, lakini hawatishi. Wanapanda basi, wanakwenda hospitali, wanagombana, wanacheza ngoma. Kwa ufupi, ni sisi wenyewe. Kazi zake zilionyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Ugonjwa wa kisukari ulipomfanya akatwe miguu hakuacha kuchora, mpaka alipofariki mwaka 2005.

6. Hata China ni vivyo hivyo

Nilipomletea mwalimu majibu yangu, alinipa kitabu cha picha za wasanii wa China wa siku hizi. Nikamwuliza, "Mwalimu, China yatuhusu nini sisi wa Tabora?" Akanikumbusha kwamba huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, nguzo za makaburi ya kale zilipambwa kwa sahani za China. Akasema, "Wao walitufikia zamani. Si vibaya nasi tuwatazame."

Basi niliwachagua watatu. Xu Bing, aliyezaliwa mwaka 1955, alitumia miaka kadhaa, kuanzia 1987, kuchonga kwa mkono herufi kama 4,000 za Kichina, akazichapa vitabu na karatasi ndefu za kutundika. Lakini herufi hizo zote ni za kubuni, hakuna mtu awezaye kuzisoma, hata Mchina mwenyewe. Cai Guo-Qiang, aliyezaliwa mwaka 1957 katika mji wa bandari wa Quanzhou, huchora kwa baruti: huimwaga juu ya karatasi, huiwasha, na moshi na moto huacha picha. Ndiye aliyetengeneza fataki za ufunguzi wa Olimpiki huko Beijing mwaka 2008. Ai Weiwei naye mwaka 2010 alitandaza katika jumba moja la sanaa huko London mbegu za alizeti kama milioni 100. Kila moja ni ya kauri, iliyotengenezwa na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa Jingdezhen, mji wa Wachina uliojulikana kwa kauri tangu kale.

Kazi hizi tatu hazifanani kabisa. Mmoja ametumia herufi, mwingine baruti, mwingine kauri. Lakini angalieni swali la kwanza na la nne: kila mmoja ameshika kitu cha kwao, kilichokuwa mikononi mwa babu zake, akakifanyia jambo ambalo babu zake hawakulifanya. Ntiro alifanya hivyo kwa migomba, Lilanga kwa mashetani. Baruti hata sisi twaijua, maana ilipita hapa Tabora kwenye vichwa vya wapagazi. Ila hakuna aliyetuletea habari kwamba yaweza kuchorea!

7. Je, kuiga ni vibaya?

Nilikuwa nimeahidi kulirudia jambo hili. Siku moja ya ruhusa nilikwenda karakanani kwa babu. Nilimkuta akipiga randa ubao wa mninga, nikamwuliza kama yeye, alipokuwa kijana, aliiga.

"Niliiga," akasema. "Miaka mitatu niliiga mkono wa fundi wangu. Namna anavyosimama, namna anavyoshika patasi, hata namna anavyokohoa. Ungetufunga macho usingejua nani anapiga randa."

"Basi Babu, kwa nini ulinilaumu?"

"Sikukulaumu. Nilikuuliza." Akapuliza vumbi juu ya ubao. "Sikia. Mkono nimeiga kwa fundi wangu. Lakini mlango sijapata kuuiga. Mlango nakwenda kuupima kwenye nyumba ya mwenye nyumba. Ukichukua kipimo cha nyumba ya mtu mwingine, hata ukiupamba namna gani, hautafunga."

Nadhani jibu ndilo hilo, na kwa jibu hilo Njau na wanafunzi wa Tingatinga wote wawili wana haki. Ufundi wa mkono hatuna budi kuupokea kwa waliotutangulia, na njia ya kuupokea ni kuiga. Lakini kipimo kila mtu ni lazima akachukue mwenyewe, kwa macho yake, mahali anapopajua. Mimi nilikuwa nimeiga kipimo.

8. Picha yangu ya pili

Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuchora upya. Fundi wa shule alinipa mabaki ya rangi zilizopakwa mabwenini: kopo la buluu, kopo la njano, na kahawia kidogo. Kijani sikuwa nayo, nikaipata kwa kuchanganya buluu na njano. Kwa hiyo majani ya miembe yangu yanaelekea ubuluu, na watu wameniuliza sababu. Sababu ni kopo.

Nimechora kile ambacho kila mwanafunzi wa bweni amekiona: alfajiri siku ya kufungua shule, wanafunzi wameshuka kwenye treni, wanatembea kwa mstari kutoka stesheni, masanduku ya bati na magodoro kichwani, chini ya miembe. Nilipokuwa nikichora nilitambua kwamba mstari huo nimewahi kuuona pengine, yaani katika picha za wapagazi vitabuni. Wanyamwezi walipita nchi hii hii kwa mstari kama huo, mizigo kichwani. Tofauti ni kwamba sisi tunabeba madaftari yetu wenyewe.

Mikono ilinishinda. Mara tatu nilichora mkono unaoshika sanduku, na mara tatu ukawa kama uma. Ilinipasa nimwombe rafiki yangu wa bwenini asimame na sanduku lake kichwani, huku akilalamika kwamba shingo yauma, mpaka nilipouona mkono ulivyo kweli. Naam, hiyo ndiyo kazi ambayo kalenda ilinisamehe.

Baba ameniandikia barua akiniuliza kama picha hizi hazitanipunguzia hesabu katika mtihani wa mwisho wa mwaka. Swali lake ni la haki, kwani karo na nauli ni jasho lake. Nimemjibu kwamba nachora Jumamosi alasiri tu, na kwamba hesabu zangu atazipima kwa karatasi ya matokeo. Sijui bado kama atakubali nisome sanaa mbele. Najua tu kwamba nikimwomba, nitamwomba nikiwa na kitu changu mwenyewe cha kumwonyesha.

Picha ya twiga nimeitoa ukutani, nimempa yule mdogo wetu wa kidato cha kwanza aliyeitaka. Nilimwambia aiige akipenda, ajizoeze mkono, kisha anichoree nyumba yao. Juzi aliniletea nyumba. Paa limekwenda upande, lakini mbele ya mlango ameweka mtungi uliovunjika mdomo. Nilimwuliza mtungi huo ameutoa wapi. Akasema, "Ni wa bibi, upo pale pale."

Maswali kwa wasomaji

1. Tazama mlango mmoja wa zamani mjini kwetu. Jibu yale maswali manne juu yake.
2. Ntiro na Njau walitoka Kilimanjaro na kusoma chuo kimoja. Eleza kwa nini kazi zao zilitofautiana.
3. Kama Tingatinga angepata rangi za maji badala ya rangi ya baiskeli, unadhani picha zake zingebadilika vipi?
4. Waulize wazee wa kwenu: ni kitu gani waliiga kwa mwalimu wao, na ni kitu gani walikipima wenyewe?

Majibu yaletwe kwa chama cha sanaa kabla ya mwisho wa muhula. Wazazi nao wanakaribishwa kujibu. Namshukuru mwalimu kwa maswali yake manne, na babu kwa lile moja.